Mchwa wa Tangi la Nne

Mwanamke mzee alitokea kwenye barabara ya msituni mchana wa jua kali, jembe begani, akasimama mbele ya geti la Kituo cha Lihanje kana kwamba geti lilijengwa limngojee yeye.

Luoga, mlinzi, alitoka kibandani akijifuta jasho. Hakuzoea kuona mtu akija pale kwa miguu. Watu wa vijiji vya jirani walizunguka mbali, na hata waokota uyoga waliuacha uyoga wa upande ule uoze wenyewe.

"Bibi, huku hakuna mashamba."

"Nimekuuliza mashamba?"

"Sasa jembe la nini?"

"La kuzikia. Niitie mwenye tangi la nne."

Luoga alimtazama, akalitazama jembe, akaona jambo hili limezidi mshahara wake. Akamwita Otilia Gama.

Otilia alikuja na vazi lake jeupe la kazi, nywele zimebanwa kwa waya aliouokota karakana. Alikuwa ametoka chuoni mwaka juzi tu, na bado alitembea kwa haraka ya mtu anayeogopa dunia isije ikapona kabla yeye hajafika kusaidia.

"Shikamoo, bibi."

"Kabila gani wewe?"

"Mngoni."

"Basi siipokei. Shikamoo ya Mngoni, ukiitikia tu, mkono wake uko mfukoni mwako."

Otilia alimkagua mgeni kuanzia kitambaa cha kichwani hadi viatu vya mpira. Kisha akageuka taratibu. "Luoga, wafungie mbwa wote wasije wakaliwa. Mhehe amefika."

Bibi alicheka mpaka jembe likamcheza begani. "Haya, huyu kalelewa! Nilidhani mmebaki watu wa kompyuta tu. Mimi ni Anyesi Kikoti, natoka Kilolo. Nimesikia redioni kwamba mnalifungua tangi la nne." Kicheko kilikatika. "Mle ndani mna mtani wangu, Mngoni mwenzako. Nimekuja kumzika."

*

Mhandisi Hamza Mfaume, mkuu wa kituo, hakutaka mgeni aingie. Lakini Otilia alipomnong'oneza neno moja, "Doa", alichukua funguo za chumba cha kutazamia.

Ukuta mzima wa chumba kile ulikuwa ramani hai ya tangi: duara kubwa, na ndani yake rangi ya chungwa ikitembea kama moto wa nyasi unaotazamwa kutoka mlimani.

"Hiyo inayotembea ni nini?" Bi Anyesi aliuliza.

"Mchwa."

"Mnanidanganya mchana."

"Si mchwa wa kichuguuni, bibi. Hawa tumewatengeneza." Otilia alifungua droo, akamwekea kiganjani punje ya kioo, ndogo kama mtama, yenye vijiguu sita vyembamba kuliko nywele. "Huyu hajawahi kuingia, yuko safi. Tope la mle linaua mashine yoyote yenye akili. Ukishusha kamera, inapofuka. Ukishusha roboti, inasahau hata jina lake. Kwa hiyo mchwa hatukuwapa akili kabisa. Wanakula joto la tope lenyewe, na wanasikia mdundo."

Akamwonyesha, kupitia dirisha nene, nyundo ya chuma yenye ukubwa wa kinu iliyokaa juu ya bega la tangi, ikigonga, ikinyamaza, ikigonga. Walimwita Malkia. Alijua midundo minne tu: tembeeni, bebeni, rudini, kwangueni. Kila mchwa alibeba chembe ya tope mpaka chumba cha pili chini ya ardhi, akajibandika juu ya wenzake na mzigo wake, joto likawayeyusha wote pamoja. Mle kilikuwa kinapanda kichuguu cha kioo cheusi, na sumu ikalala ndani yake bila njia ya kutoka. Na katikati ya tangi kilikaa kiota, ambacho kilizaa mchwa wapya kutokana na mchanga uliomo kwenye tope. Kiota hicho Otilia alikikuza kwa mwaka mzima kutoka punje moja, kama mtu anavyolea kifaranga kisicho na mama.

"Na wakitoroka? Wakaja kunitambaa kitandani?"

"Hawawezi. Mchwa akisimama kidogo tu, anaganda. Anakuwa kokoto, na haamki tena. Nilitaka iwe hivyo, ili hata mmoja asije akatoka nje ya mdundo."

"Kwa hiyo hawapumziki."

"Hawapumziki."

"Maskini," alisema Bi Anyesi, akairudisha ile punje kwa vidole viwili.

Otilia aligusa ramani. Kwenye ukingo wa kusini, katikati ya rangi ya chungwa, palikuwa na doa jeusi, refu, lenye kujikunja kidogo. Mchwa walilizunguka. Kwa majuma alikuwa akiliwaza doa hilo hata anapokula. Alidhani ni kipande cha pampu. Kisha akadhani ni jiwe, lakini nani atupe jiwe ndani ya tangi? Mchwa hufuata joto, na pale palikuwa baridi. Kitu gani kinaweza kulala ndani ya tope lile kwa miaka arobaini kikabaki baridi?

"Alivaa nini?" aliuliza polepole.

"Koti la madini ya risasi, la kuzuia joto na mionzi, na suruali yake. Zito, akitembea kama kiboko. Nilikuwa napika kwenye kantini ya kampuni ya zamani, na yeye, Kaspari Tawete, alikuwa fundi pampu. Kila siku alisema ugali wangu unafaa kuzibia matangi. Nami nikamwambia, ukitangulia kufa nitakuzika kifudifudi, usiione hata mbingu." Alisogea karibu na ramani lakini hakuigusa. "Siku hiyo pampu iliziba na tope likapanda kuelekea mdomoni mwa tangi. Akashuka. Ngazi ikakatika. Wakubwa wakasema kumtoa ni kuua wengine kumi. Wakafunika."

Mfaume, aliyekuwa amesimama mlangoni na funguo zake, aliacha kuzichezea.

"Ndugu zake walizika mgomba," aliendelea Bi Anyesi. "Gogo la mgomba, limevalishwa suti. Wakaniita nifanye kazi ya mtani. Nikawaambia mimi siziki ndizi."

"Bibi," Otilia alisema, "kumtoa hatuwezi hata leo. Chochote kilichomo mle kitatoka kikiwa kioo tu."

"Kwani nimesema mumtoe? Mimi mzee, si mjinga. Hao wadudu wako wakimaliza tope, watamfanya nini?"

Otilia hakupenda swali hilo, kwa sababu jibu alilijua. "Mdundo wa mwisho ni kukwangua. Hapo hawachagui joto wala baridi. Wanasaga kila kilichobaki."

"Basi nataka asisagwe kabla hajaambiwa. Mtu hatiwi ardhini kimyakimya kama paka. Mtani ndiye anayempa maiti maneno ya mwisho, tena makali, ili asitamani kurudi. Nipe nafasi niseme naye. Siombi zaidi."

Kilionekana kitu kidogo mno. Waya wa Malkia ulishuka hadi ndani. Sauti ya mtu ingeweza kupita humo kwa urahisi kama mdundo.

"Hawatamgusa kabla hujasema naye," Otilia alisema. "Nakuahidi."

"Neno la Mngoni!"

"Neno la Mngoni, Mhehe we."

Bi Anyesi aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Lakini hakutaka kusema siku hiyo. Mtani hazungumzi na maiti bila mfiwa kukaa chini, na yeye alikuwa na hakika kwamba ng'ambo ya mto kulikuwa bado na akina Tawete. Angewatafuta. Otilia alipiga hesabu, akamwambia kukwangua kungeanza baada ya majuma mawili. Bibi alikataa kupewa simu. "Hizi simu zenu zinanijua kuliko ninavyozijua," alisema, akatwaa jembe lake akaondoka.

*

Tope la upande wa mashariki lilikuwa jepesi kuliko ramani ilivyosema. Mchwa walilimaliza mapema, na asubuhi moja ya mvua Otilia alifika kazini akakuta rangi ya chungwa imefifia tangi zima.

"Hongera, binti," alisema Mfaume. Alikuwa amevaa tai, jambo lililomtokea mara chache. "Baraza la Matangi linatazama kutoka Dodoma. Wakimaliza leo, tangi zima, mwanzo mpaka mwisho bila mkono wa mtu, mchwa wanapewa matangi yote yaliyobaki. Washa kukwangua."

"Bi Anyesi hajarudi."

"Washa. Hawana mzigo. Unajua mchwa asiye na mzigo."

Alijua. Angengoja, wangeanza kuganda. Aliwasha. Nyundo ilibadili sauti, ikawa ya haraka na kavu, na kwenye ramani pete nyembamba ikaanza kusogea kutoka kuta zote kuelekea ndani. Upande wa kusini ingelifikia doa kabla ya saa sita.

Alipiga simu kijiji cha ng'ambo. Mwalimu aliyepokea alisema bibi mwenye jembe aliondoka alfajiri, kivuko kimesimama kwa sababu ya mafuriko, na watu wamemwona akipanda kandokando ya mto kutafuta daraja la juu.

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu. Tulimzuia, akatutukana."

Otilia aliupunguza mdundo. Pete ikapunguza mwendo. Mara nukta za kijivu zikatokea ukingoni, moja hapa, tatu pale: mchwa waliosita, wakageuka kokoto. Aliupunguza tena. Nukta zikawa madoa.

Mfaume alikuja akasimama nyuma ya kiti chake. "Unafanya nini?"

"Nanunua muda."

"Kwa mtaji gani? Wanakufa."

"Nilimwahidi, mzee."

"Ulimwahidi kitu kidogo ukijua hakina gharama. Sasa kina gharama." Hakuwa amepandisha sauti. Alivuta kiti akakaa karibu naye, kama baba anayezungumza na mwanawe aliyefeli. "Nisikilize. Usipofika mwisho leo, Baraza litasema mchwa hawaaminiki, wanasimama njiani. Tutarudi kwenye mkono mrefu. Unaujua mkono mrefu? Mtu anakaa nyuma ya ukuta, anaingiza mikono kwenye glavu, na chuma kule ndani kinachota tope kijiko kwa kijiko. Tangi moja ni miaka. Yako saba. Utazeeka kwenye kile kiti."

"Najua."

"Na watu wa chini ya mto? Matangi hayavuji leo, alhamdulillahi. Kesho nani anajua? Wewe ndiye uliyelia pale ofisini kwangu ukisema watoto wa bonde hili hawana haki ya kurithi uchafu wa babu zao. Leo unawaweka hao kwenye mizani na maiti mmoja ambaye hasikii kitu."

Otilia alitafuta kwa uaminifu jibu la kulishinda lile, huku akiitazama pete ikisogea. Watoto wa bonde walikuwa wengi na walikuwa hai. Alikuwa amewawaza usiku na mchana tangu akiwa chuoni, na kwa ajili yao alikuwa amelea kiota. Lakini aliona pia jambo jingine. Yule fundi alifunikwa mle kwa hesabu kama hii hii: mmoja kwa kumi. Pengine hesabu ilikuwa sahihi hata siku ile. Ila hakuna aliyeinama kwenye shimo akamwambia. Walifunika, wakaenda kula.

"Mzee," alisema, "sisi tunawaambia watu wa bonde watuamini. Tunawaambia, tutasafisha, ngojeni. Kwa nini watuamini?"

"Kwa sababu tunafanya kazi."

"Hata wale wa zamani walifanya kazi. Ila wakisema neno, halikukaa." Aligeuza kiti akamtazama. "Kama neno letu kwa bibi mmoja halikai mpaka saa sita mchana, litakaa vipi kwa bonde zima kwa miaka mia?"

Kwenye ramani, ncha ya pete iligusa kitu kilichokuwa kama unyayo.

Otilia alizima Malkia.

Kimya kile kilikuwa kipya. Mdundo ulikuwa umeishi kwenye kuta kwa mwaka mzima, na kila mtu kituoni alikuwa ameacha kuusikia. Sasa hata Luoga alitoka kibandani kwenye mvua kutazama kumetokea nini. Kwenye ukuta rangi ya chungwa ilizimika kutoka pembeni kuja katikati, ikafika kwenye kiota, ikatua pale kidogo kama mtu asiyetaka kuaga. Kisha tangi zima likawa la kijivu, isipokuwa lile doa, jeusi, zima.

Simu ya Dodoma ilianza kulia. Mfaume aliitazama mpaka ikanyamaza, akalegeza tai.

*

Bi Anyesi alifika mchana umeshageuka, tope mpaka kiunoni, jembe akiliegemea kama fimbo. Alikuwa peke yake.

"Akina Tawete wameisha," alisema kabla hajaketi. "Wengine wamekufa, wengine wako mijini, majina yao wamebadili. Nimechelewa, eti?"

"Hujachelewa, bibi."

Bibi alitazama ukuta wa kijivu. Hakuwa mtaalamu, lakini macho alikuwa nayo. "Wadudu wako wako wapi?"

"Wamesimama."

"Ulisema hawasimami." Bi Anyesi alimtazama Otilia, na kwa mara ya kwanza hakuwa na tusi. Alimshika mkono kwa nguvu, akauachia. "Nani mfiwa? Bila mfiwa mimi siwezi kitu."

"Mimi."

"Basi kaa chini. Mfiwa hakai kwenye kiti cha ofisini."

Otilia alikaa sakafuni, miguu ameinyoosha, mgongo ukutani. Mfaume, bila kuambiwa, alivua viatu akakaa upande wa pili. Luoga alisimama mlangoni, kofia mkononi. Bi Anyesi aliwekewa kipaza sauti. Aliinama juu yake kama anainama kisimani.

"Kaspari! We Kaspari Tawete! Kichwa kama mtungi wa pombe! Unanisikia, au umejifanya kiziwi kama siku ya zamu ya kuosha sufuria?"

Sauti yake ilishuka kwenye waya, ikagonga chuma, ikarudi nyembamba kutoka chini.

"Ulisema utatoka saa ya chakula. Nilikuwekea ugali, ukaota ndevu. Mwongo! Wangoni nyote waongo, mmoja tu nimemwona hapa ana afadhali, na huyo nadhani bibi yake alipita kwetu. Watu wakavika mgomba suti yako ya harusi, Kaspari. Ukapendeza! Mgomba ulikuwa na sura nzuri kuliko wewe."

Luoga alitoa kicheko, akajiziba mdomo. "Cheka wewe!" bibi alifoka bila kugeuka. "Nani kakuambia msiba ni wa kununa?" Otilia akacheka pia, na machozi yakamtoka pamoja na kicheko bila kumwomba ruhusa.

Bi Anyesi alikisogelea kipaza sauti zaidi. Alipoendelea, sauti ilikuwa ya chini, karibu ya kuudhika.

"Sasa sikiliza, maana hili hakuna aliyekuambia. Pampu iliwaka. Umesikia? Ulipoanguka walidhani hukufika, lakini uliizibua, mshenzi wewe. Iliwaka jioni ile ile, tope likashuka, halikumwagika. Mto haukuguswa. Wanao wameyanywa maji yake, na wana wa watu. Mimi mwenyewe leo nimeyanywa njiani, na bado natukana. Nimebeba habari hii miaka yote sina pa kuitua, maana mgomba hauambiwi kitu. Iliwaka, Kaspari. Kazi yako ilikwisha. Usije ukarudi kuangalia."

Alinyoosha mgongo, akajipangusa uso kwa kitambaa cha kichwani.

"Basi," alisema. "Sasa mguseni."

Simu ya Dodoma ilianza tena. Safari hii Mfaume aliipokea, akatoka nayo nje, na kupitia mlango walimsikia akisema: ndiyo, ndiyo, wote, hapana, haikuwa hitilafu, tuliwasimamisha sisi. Neno "sisi" alilisema mara mbili.

Otilia aliinuka sakafuni, miguu imekufa ganzi. Aliingia chumba cha nyuma, akaondoa turubai lenye vumbi juu ya kiti cha mkono mrefu, akakaa, akaingiza mikono kwenye glavu. Zilikuwa baridi, na pana kuliko mikono yake. Kule chini, chuma kizito kilijinyoosha taratibu, kikazipita kokoto za mchwa aliowalea, kikafika ukingo wa kusini. Hakuanza na tope; kwanza angempeleka Kaspari chumba cha pili, kwenye kichuguu cha kioo. Aliupitisha mkono chini ya mabega ya yule mtu, na kwa mwendo wa kumwinua mgonjwa kitandani, akamnyanyua mzima.